Mchapaji wa ghorofa ya tatu Kariakoo, anayefungua mpaka saa tatu usiku

Natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Tandika, na kabla sijashusha geti lazima nihesabu mauzo, niandike dawa zilizoisha, nifute kaunta. Kwa hiyo mchapaji yeyote nikimpigia simu, kabla ya kuuliza bei namuuliza anafunga saa ngapi. Kwa miaka miwili nilijibiwa saa kumi na moja jioni, Jumamosi saa saba mchana, Jumapili hatufungui.

Hawa ninaoandika habari zao leo wapo mpaka saa tatu usiku, na Jumapili wanafungua baada ya adhuhuri. Jina la duka siliweki kwa sababu wenyewe wameniomba. Ni mzee mmoja na binti yake, kazi walizonazo zinawatosha, na hawataki simu za watu mia kwa wiki. Mwandishi mwenye kazi ya kuchapa kweli aniandikie pembeni, nitamwelekeza mpaka mlangoni.

Naandika simulizi za mapenzi na majini. Hii ya kwanza ni ya Mwanaidi, binti wa Pangani anayesuka makuti na mama yake, na Sururi, jini wa mikokoni ambaye hawezi kuvuka maji ya mto yakikupwa. Nimeiandika yote kwenye simu, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na moja na nusu watoto wakiwa bado wamelala, na mchana kidogo duka likipoa. Nilikuwa naituma WhatsApp sehemu kwa sehemu. Tano za mwanzo bure, kisha msomaji analipa Sh 2,000 anaingia kwenye grupu la waliolipia. Walifika 140. Hao watu nawapenda sana, ila saa nne asubuhi meseji zinaingia, "Dada, mbona leo kimya? Sururi amerudi?", na mbele yangu kuna mama amembeba mtoto ana homa. Simu naigeuza kifudifudi. Dozi ya mtoto haitaki mtu ambaye nusu ya akili yake iko Pangani.

Kitabu cha karatasi nilikitaka kwa sababu mbili. Sehemu zangu zilianza kuzunguka kwenye magrupu mengine, jina langu limeondolewa. Halafu kuna shangazi yangu yuko Tanga, anatumia kitochi, alikuwa anasomewa na mjukuu wake kila Jumapili. Shangazi alisema, "Mwanangu, nataka nikishike mwenyewe nikisome kwa miwani yangu."

Mchapaji wangu wa kwanza simtaji. Alinitaka nianze na nakala 500, nikalia hali, akashusha hadi 200. Nilitoa akiba ya mwaka mzima. Kwenye nakala zile, 17 hazikuwa na ukurasa wa 97 mpaka wa 112. Na humo ndimo Sururi anapomwambia Mwanaidi yeye ni nani, na Mwanaidi hakimbii. Wasomaji wangu 17 waliruka kutoka kwenye woga moja kwa moja hadi kwenye mapenzi, hawajui limetokea nini katikati. Niliporudi kulalamika niliambiwa nilikagua mwenyewe nikasaini. Nilikagua nakala moja, ndiyo, usiku, nimesimama mlangoni wakati wao wanafunga.

Yule mzee wa Kariakoo nilimpelekea nakala mojawapo mbovu. Nilipanda ngazi za ghorofa tatu (lifti hakuna, mwenye magoti mabaya ajue) nikamkuta amekaa kwenye stuli, redio inasoma taarifa ya habari kwa sauti ya chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, akapokea kitabu. Hakuuliza ni cha nini. Alikifungua pale palipokatika, akahesabu kwa kidole kidogo, akasema, "Kumi na sita. Ni kunjo moja hilo, mwanangu." Akachukua karatasi chakavu akaikunja mara tatu mbele yangu. Majani manane, kurasa kumi na sita. Mashine kubwa inachapa kurasa kumi na sita kwenye karatasi moja, inakunjwa, halafu makunjo yanapangwa kwa mkono moja juu ya jingine kabla ya gundi. Kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa 112 yako makunjo saba, na langu la saba lilirukwa na mtu aliyechoka. Kwa dakika mbili yule mzee alinieleza jambo ambalo nilikuwa nalililia miezi minne.

Akaniambia pia kwa nini kila mahali nilikokwenda walitaka mamia ya nakala. Ofseti, ile mashine kubwa, inahitaji pleti, yaani bamba la chuma la kuchapia, na gharama ya pleti ni ileile uchape kitabu kimoja au elfu moja, kwa hiyo uchache unauma. Yeye ana mashine ya zamani ya Heidelberg kwa kazi za kadi na risiti, lakini vitabu vya watu kama mimi anavichapa kwenye mashine ya dijitali ambayo haina pleti. Nakala ya kwanza bei hiyo, ya ishirini bei hiyo. Anaanzia nakala 20.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokaa sawa. Kitabu changu sasa kina kurasa 232, ukubwa wa A5, karatasi ya gramu 80, jalada la rangi lenye laminesheni, ile plastiki nyembamba ya juu. Nililipa Sh 8,000 kwa nakala. Nilichukua 30, zikawa Sh 240,000, nusu nikatoa kianzio na nusu siku ya kuchukua, risiti ya mashine nikapewa bila kuiomba. Nauza Sh 15,000, na wa mikoani analipia mwenyewe mzigo wa basi. Zile 30 ziliisha ndani ya siku 19, nikarudi kuchukua 20 kwa hela ya vitabu vyenyewe. Mshahara wangu sikuugusa, ada ya watoto sikuigusa. Mwandishi aliyeajiriwa ataelewa nasema nini. Ukichapa 500 kwa mkopo, kila jioni unawaza maboksi yaliyo chini ya kitanda, na alfajiri ya kuandikia inaliwa na mawazo ya deni.

Sasa nieleze kuhusu mgongo wa kitabu, maana hapa nilijifunza jambo la kunifaa maisha yangu yote. Kijana aliyenitengenezea jalada aliweka mgongo wa milimita 8, alikadiria tu. Binti wa mzee alilifungua faili kwenye kompyuta, akanyamaza, akamwita baba yake. Mzee akavuta rimu mpya kutoka kwenye shelfu, akaisimamisha mezani, akaweka rula ya chuma pembeni. "Soma." Nikasoma sentimita 5. "Humo mna karatasi ngapi?" Mia tano. "Kitabu chako kurasa 232 ni karatasi ngapi?" Mia moja na kumi na sita. Akanisubiri. Mimi napiga hesabu za dozi kutwa nzima, hii haikunishinda: milimita 11.6. Na kwa ile 8 ya kijana, ukingo wa jalada ungevutwa ukaingia mgongoni. Binti akarekebisha palepale, saa mbili na nusu usiku, hakunidai hata shilingi.

Jambo la pili ni la maji. Mzee alikata kipande cha karatasi, akakilowesha kidogo kwa mate ya kidole upande mmoja, akakilaza kiganjani. Kikajikunja polepole kama jani la mgomba linavyojikunja juani. Akasema karatasi ina nyuzi kama ubao, na nyuzi zikienda kinyume na mgongo, kitabu kinakakamaa, hakilali wazi, na Dar ikipata unyevu kurasa zinafanya mawimbi. Nilikwenda nyumbani nikachukua ile nakala yangu ya mchapaji wa kwanza. Mawimbi matupu. Cha kwao kinalala mezani chenyewe, shangazi anakisoma huku anachambua mchele, mikono yote miwili iko kwenye ungo.

Na yule binti anasoma. Nasema hivyo kwa uzito. Wachapaji wengine walilitazama jina la kitabu, wakaona mapenzi, wakaona jini, wakaanza kuniongelesha kama mtu aliyeleta kadi ya mchango wa harusi. Binti huyu alikuwa anakagua faili tu kama kurasa zimekaa, akaniandikia saa tano usiku: "Dada, sura ya 9 zipo mbili, ya 10 haipo. Halafu naomba nikuulize, mama yake Mwanaidi alijua tangu mwanzo?" Nilikaa kitandani nikasoma ujumbe ule mara tatu. Alikuwa wa kwanza kuuliza habari za yule mama. Nilimwandika mama yule kwa kuchunga sana, nikafikiri hakuna aliyemwona. (Ndiyo, alijua. Ile kanga anayoitandika ukurasa wa 31 ndiyo alama.)

Yapo ya kulaumu, nayo nayasema. Jalada langu kwenye simu lilikuwa zambarau iliyokoza, rangi ya maji ya mto magharibi ikiingia. Kwenye karatasi ilitoka bluu. Mzee alieleza kwamba skrini inatoa mwanga na mashine inachanganya wino, na zambarau ndiyo rangi inayosaliti kuliko zote. Sawa, nimeelewa, lakini walipaswa kunionyesha jalada lililochapwa kabla ya kuchapa yote 30. Nakala ya majaribio waliyonipa ilikuwa ya kurasa za ndani tu. Safari ya pili niliidai ya jalada, wakanipa, kwa hiyo idai.

Pili, laminesheni ile isiyong'aa inapendeza mkononi ila imewekwa upande mmoja tu wa jalada. Masika yalipoanza, upande wa ndani ulinyonya unyevu, majalada yakaanza kuinuka kwenye pembe. Mzee alisema nivilaze vitabu vikiwa vimebanwa na kitu kizito. Navilaza chini ya dumu la maji la lita 20, na vimenyooka, lakini mteja anayenunua hana dumu. Tatu, muda. Waliniambia siku nne, zikawa sita kwa sababu umeme ulikuwa wa mgao mtaani kwao. Walinipigia mapema wao wenyewe, hilo nawashukuru, ila kama una tarehe ya uzinduzi, ongeza wiki.

Kutengeneza jalada hawafanyi, kuhariri hawafanyi, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hawakuchukulii. Ya ISBN niliifuata mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu ya Taifa Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Hiyo ni ofisi ya mchana, hakuna namna, niliomba ruhusa ya siku moja nikamwachia mwenzangu kaunta. Fanya hilo mapema, kabla ya jalada, kwa sababu ile namba ya tarakimu 13 inatakiwa ikae nyuma ya kitabu pamoja na mistari yake.

Nimeulizwa kama vitabu nauza pale dukani kazini. Siuzi. Bosi wangu ananiheshimu na mimi namheshimu, na mtu aliyekuja kutafuta dawa ya presha hajaja kutafuta jini. Nauza jioni na Jumapili, kwa simu. Ila mwezi uliopita alikuja dada mmoja kununua dawa ya kichwa, akaweka mkoba wake kaunta ili atoe hela, na kitabu changu kilikuwa humo, kimekunjwa pembe ya ukurasa, karibu na katikati. Nilimpa dawa, nikamweleza anywe baada ya chakula, nikamrudishia chenji. Sikusema kitu. Alipoondoka niliingia stoo nikasimama kidogo.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano wataipata siku watakapotoa nakala ya jalada bila kuombwa. Ukienda, panda baada ya saa moja usiku, foleni za kadi za harusi zinakuwa zimeisha. Beba faili la PDF kwenye flashi, usitegemee kulituma kwa simu. Msalimie mzee vizuri na usimharakishe, akishika rula mwache amalize.

Kitabu cha pili nawapelekea Jumapili ijayo. Kina kurasa 264. Mgongo nimeshampa kijana wa jalada: milimita 13.2.