Feni belti na taimingi belti: usiichanganye mikanda hii

Fungua boneti ya Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Pembeni utaona mkanda mweusi umezunguka puli ya krenki (shafti kuu ya injini), oltaneta inayochaji betri, pampu ya maji na kompresa ya AC. Hiyo ndiyo feni belti. Zima gari, subiri injini ipoe, kisha pitisha kidole upande wake wa ndani: utagusa mifereji iendayo kwa urefu. Ukiona nyufa zinazokata mifereji hiyo, badilisha mapema. Ikilia "kwiii" asubuhi unapowasha, imelegea au imechakaa.

Taimingi belti, kwenye injini zinazoitumia, huioni. Imefichwa nyuma ya kava, na meno yake yamekaa kwa upana ili krenki na kamshafti (shafti inayofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi ya injini) vizunguke kwa mpango mmoja. Hailii kabla ya kukatika, ndiyo maana mimi huihofia zaidi. Wengi huibadilisha kila kilomita 100,000.

Feni belti ikikatika, taa ya betri inawaka na joto linapanda. Egesha na uzime. Taimingi ikikatika, injini inazima papo hapo. Kwenye Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE, valvu husalimika. Kwenye injini nyingine nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda.

Na tafadhali, fundi akikwambia taimingi belti ya IST hiyo imekwisha, mwombe akuonyeshe. 1NZ-FE inatumia cheni.