Uzoefu wangu: mzunguko mmoja wa Nordschleife nikiwa abiria

Nililipia kiti cha abiria kwenye gari la dereva wa mbio, mzunguko mmoja wa Nordschleife, ile saketi kongwe ya Nürburgring kwenye milima ya Eifel, Ujerumani. Kama unapenda mbio za magari, lipia. Runinga imetuficha mengi kuhusu mahali hapa.

Kwanza, milima yenyewe. Kwenye picha barabara huonekana tambarare, kumbe kutoka Breidscheid bondeni hadi karibu na Hohe Acht juu kuna tofauti ya mita 300 hivi. Pale Fuchsröhre gari linaporomoka katikati ya msitu, likifika chini mwili unagandamizwa kitini, na papo hapo unapanda tena. Kona nyingi huzioni mpaka umeshaingia. Dereva wangu alikuwa anakata usukani wakati mimi bado naona miti tu. Anaijua barabara kwa moyo.

Walioijenga kati ya 1925 na 1927, kwa mradi uliowapa kazi watu wengi waliokuwa hawana ajira, waliifuata milima ilivyokaa. Matokeo yake ni kilomita 20.832, karibu mara nne ya saketi ya kawaida ya Formula 1 leo. Kona ya Karussell ndiyo niliyoingoja kwa hamu: magurudumu yanashuka kwenye ukingo wa zege ulioinama, gari zima linatetemeka, na shingo inalemewa na helmeti. Nilipiga kelele kwa furaha!

Kinachotisha ni uzio wa chuma, uko karibu mno na lami. Nao una historia yake. Mwaka 1970 madereva wa Formula 1 walikataa kukimbia hapa mpaka usalama urekebishwe, mbio zikahamia saketi ya Hockenheim. Waliporudi 1971 uzio ulikuwa umewekwa na matuta yamepunguzwa, lakini haikutosha. Agosti 1, 1976, gari la dereva Niki Lauda liliwaka moto karibu na kona ya Bergwerk, na tangu mwaka huo Formula 1 haijashindana tena Nordschleife. Dereva Jackie Stewart, aliyeipa saketi hii jina la Jehanamu ya Kijani, alishinda hapa 1968 kwenye mvua na ukungu, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika 4. Mimi nilipita jua likiwaka, na bado sielewi aliwezaje.

Ukitaka kuendesha mwenyewe, siku za umma hii ni barabara ya kulipia yenye sheria za barabarani: unapita gari jingine kwa kushoto tu, na kupima muda ni marufuku. Soma bima yako kwanza. Lakini kwa mgeni naona kiti cha abiria ni bora, na ni vyema kulipia mizunguko miwili. Wa kwanza unaisha ukiwa umeshikilia mlango. Wa pili ndio utaanza kuzitambua kona.