Seti ya tanki la vyura wa miti: kioo ni kizuri mno, vilivyomo ndani ndo tatizo

Nimekaa na hili tanki mwaka na miezi sasa kwa hiyo naongea kitu nilichokiona, sio cha siku mbili. Ni ile seti ya kuanzia, unanunua boksi moja na ndani kuna kila kitu: tanki la kioo sentimita 45 kwa 45 na kimo 60, mfuniko wa wavu, mfuko wa kokoto, mkeka wa joto, kipima unyevu cha mshale na maua ya plastiki. Kampuni siitaji, seti za hivi ziko nyingi na zinafanana, na ninachosema hapa karibu chote utakikuta kwenye nyingine pia.

Wangu ni wawili, wale wa kijani wanene wa Australia, Litoria caerulea. Jike anaweza kufika sentimita 10 na kupita, na wakitunzwa wanavuka miaka 15, kwa hiyo nyumba yao ni kitu cha kufikiria mapema kabla hujawaleta.

Tanki lenyewe nalisifia kwa moyo wote. Kimo ndo jambo la kwanza, maana chura wa miti maisha yake ni juu, mchana analala amejibandika kwenye jani au kwenye kioo miguu ameikunja chini ya tumbo, usiku anapanda na kuruka, sasa ukimpa tanki refu la kulala kama la samaki unakuwa umempa sakafu asiyoihitaji. La pili milango iko mbele. Mkono ukitoka juu chura anaona ndege anamjia, anaruka ovyo anagonga pua kwenye kioo, ila ukiingia kwa mbele taratibu anakuangalia tu. Komeo linabana vizuri, linalia "tak" unajua limefunga, na mpaka leo silikoni, ile gundi ya kuungia vioo, haijavuja hata tone. Kasoro ni moja, kuna mwanya kati ya milango miwili na nyenje wadogo ninaowalisha wanapita hapo, mi nimebandika utepe mwembamba wa plastiki basi.

Sasa tuje kwenye hivyo vingine.

Kokoto. Jamani kokoto kwenye nyumba ya chura hapana. Chura hali kwa kuchagua, anajirusha mdomo wazi anafunga na chochote kilichokuwa karibu na nyenje. Wiki ya tatu mmoja wangu akaacha kula, tumbo upande mmoja limekuwa gumu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo akapigwa eksirei na vijiwe viwili vinaonekana vyeupe kabisa kwenye picha. Tukamwogesha maji ya uvuguvugu kila siku, siku ya tano akavitoa mwenyewe kwenye kinyesi. Nililia kwa furaha siku ile. Lakini ni bahati, wengine utumbo unaziba wanakufa, na boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba lipo tayari kwa vyura wa miti! Hilo mpaka leo linaniuma. Kama unapenda mawe weka yale makubwa kuliko kichwa cha chura, vinginevyo weka usumba wa nazi uliolowekwa ukakamuliwa, chini yake tabaka la vibonge vya udongo wa kuchomwa ili maji yanayozidi yashuke huko yasiozeshe udongo.

Kipima unyevu cha mshale nacho kinadanganya. Kilikuwa kinasoma 50 kila siku na mi nikawa napuliza maji asubuhi, mchana na jioni nikijua ni pakavu. Baadaye nikakipima kwa chumvi: unachukua kizibo cha chupa, unaweka chumvi, unadondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, unafungia kwenye mfuko pamoja na kipimo mpaka kesho yake, na humo ndani unyevu unatulia kwenye asilimia 75. Chenyewe kikasoma 52. Yaani muda wote huo vyura wangu walikuwa wanaishi kwenye majimaji, na hawa wa Australia wanataka kama 50 mpaka 60 hivi, upulize kioo kilowe halafu kipate muda wa kukauka, maana ngozi ikiwa imelowa saa zote bakteria wanapata pa kuingilia. Nunua cha dijitali, na ukipime hivyo hivyo kwa chumvi.

Mkeka wa joto maelekezo yanasema weka chini ya tanki. Usiweke. Chura akisikia joto anashuka kujificha kwenye udongo wenye maji, sasa na wewe joto umelitega hukohuko, atakimbilia wapi? Ubandike ubavuni kwa nje, na lazima uwe na themostati, kile kifaa cha kuwasha na kuzima mkeka ili joto lisipite kiasi, ambayo kwenye seti haimo. Mimi nalenga digrii 24 mpaka 28 mchana, usiku ikishuka hadi 20 hawana shida, na kama chumba chako kina joto hilo tayari basi mkeka uache kwenye boksi.

Maua ya plastiki niliyatoa baada ya kuona kingo zake zinakwaruza, nikapanda pothosi, ule mmea wa kutambaa wenye majani mapana. Unastahimili kila kitu na majani yake yanambeba chura mzito.

Kitu ambacho seti haijasema kabisa ni maji. Chura hanywi kwa mdomo, anakaa kwenye bakuli anafyonza kwa ngozi ya tumbo na mapaja, kwa hiyo kilichomo kwenye maji kinaingia mwilini moja kwa moja. Maji ya bomba yenye klorini ukiyaacha wazi siku nzima klorini inaruka, ila kama wanatia kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki hivyo, inabidi dawa ile ya kusafishia maji ya samaki. Na mikono ioshwe, isuuzwe sabuni yote iishe, ibaki na maji, ndo umshike, tena pale inapobidi tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeuliza: tanki hili hili linauzwa tupu pia, chukua hilo, hela inayobaki weka kwenye kipimo cha dijitali, themostati na usumba. Lipange, lipande mimea, liache wiki mbili tatu bila chura ukiangalia joto na unyevu asubuhi na usiku. Wangu saa hizi taa imezimwa, yule wa vijiwe amebandika tumbo jeupe kwenye kioo cha mbele, koo linapiga haraka haraka, anamfuatilia nyenje kwenye jani la pothosi.