Kulipia barabara kwa kamera ya pleti namba: kamera safi, bili ndo shida

Nimeutumia huu mfumo wa kamera kusoma pleti namba kwenye barabara za kulipia kwa muda sasa, watu wananiuliza unafaa ama vipi, nawaambia kamera yenyewe mimi naipa nyota tano, wanaotuma bili nawapa mbili na hapo nimewahurumia.

Kamera aisee sina ubishi nayo. Hakuna kibanda, hakuna geti, hakuna kuhangaika na chenji, unapita chini ya yale mavyuma yaliyovuka barabara na spidi yako ileile, inapiga picha kwa mwanga wa infraredi ambao jicho lako halioni, pleti inang'aa hata usiku na mvua, programu inasoma namba, inatafuta akaunti yako, hela inakatwa. Na wala si mambo ya jana, barabara ya 407 kule Toronto ilifunguliwa 1997 bila kibanda hata kimoja, London nao 2003 wakaanza kutoza kwa kamera magari yanayoingia katikati ya jiji.

Sasa shida inaanza picha ikishapigwa. Programu haina uhakika wa moja kwa moja, inakisia, inatoa namba pamoja na kiwango chake cha uhakika, kikiwa chini picha inatakiwa iende kwa mtu aiangalie kwa macho. Herufi O na sifuri, B na 8, ongeza tope kidogo au zile fremu za urembo watu wanazofunga zinakula nusu ya herufi, hapo mwendeshaji wa mfumo akibana matumizi asiweke watu wa kutosha kukagua, makosa yote yanakuja kwako. Mimi nililetewa bili ya gari ambalo hata rangi si yangu, namba imepishana herufi moja tu, kuomba picha ikawa kazi, huku faini ya kuchelewa inapanda kama kawaida!! Picha si wanayo tayari, kwa nini isije na bili toka mwanzo? Halafu kuna wezi wanaotengeneza pleti feki ya namba yako, mfumo usiolinganisha aina ya gari na rangi hauwezi kukusaidia hapo.

Ukiwa mgeni ndo balaa zaidi. Daraja la Dartford pale Uingereza kwa mfano hakuna pa kulipia njiani, unatakiwa ulipe mwenyewe mwisho saa sita usiku ya kesho yake, usipojua unakutana na faini.

Kama barabara unayopita wanatoa kile kidude cha kubandika kwenye kioo, chukua. Kinasomwa kwa redio, hakuna picha ya kukagua wala kutafuta mwenye gari, ndo maana sehemu nyingi ni nafuu, hiyo 407 usipokuwa nacho wanakuongezea gharama ya kamera. Pleti ibaki ya akiba tu siku kidude kikigoma.

Kingine, kagua safari zako kwenye akaunti mara kwa mara, usisubiri bili. Na ukiuza gari toa namba yake kwenye akaunti siku hiyohiyo, la sivyo utamlipia mnunuzi safari zake na kumrudia akurudishie hela, mmh, kila la heri.