Rosenborg na Bodø/Glimt: ipi ina historia nzito zaidi?

Kati ya klabu hizi mbili za soka za Norwei, kwa makombe hakuna ubishi. Rosenborg ya Trondheim, iliyoanzishwa 1917, ina mataji 26 ya ligi, na 13 kati yake iliyabeba mfululizo, kuanzia 1992 hadi 2004. Bodø/Glimt, iliyozaliwa 1916, ilionja taji la kwanza 2020, kisha 2021, 2023 na 2024.

Ila hesabu hiyo inaionea Glimt, klabu ya kaskazini. Klabu za kaskazini ya Norwei zilifungiwa mlango wa kombe la taifa mpaka 1963, na wa ligi kuu mpaka 1972. Rosenborg haikubebeshwa mzigo huo.

Utamu uko Ulaya. Desemba 1996, kwenye Ligi ya Mabingwa, AC Milan ilihitaji sare tu dhidi ya Rosenborg San Siro ili isonge mbele. Brattbakk wa Rosenborg akafunga, Dugarry wa Milan akasawazisha, Heggem wa Rosenborg akaimaliza kazi kipindi cha pili: 2-1, Rosenborg robo fainali! Oktoba 2021, Glimt ikaitandika Roma ya Mourinho 6-1 kwenye nyasi bandia za Aspmyra, uwanja wake wa nyumbani.

Klabu zote mbili zilijengwa juu ya mfumo wa 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu), Rosenborg chini ya kocha Eggen, Glimt chini ya kocha Knutsen. Kwa mabao ya msimu mmoja, namba ya Glimt ya 2020 inatisha: 103 katika mechi 30.