Kisu cha mfukoni kwa sie wenye aleji ya nikeli: miezi saba na Opinel namba 8

Mi ni fundi sola hapa Tanga. Kisu cha mfukoni kwangu sio urembo, kila siku nakata tepu, nachuna waya, nafungua maboksi ya betri, mchana nikikaa kivulini namenya chungwa na kisu hicho hicho (nakifuta kwanza, msinianze). Shida ni kwamba ngozi yangu na nikeli, ile metali wanayochovyea vyuma ving'ae, haviivi chungu kimoja. Saa ya bei poa nikivaa siku mbili mkono unatoa vipele vya maji, na kifungo cha jinzi kimeniachia baka jeusi chini ya kitovu tangu niko sekondari, mama akawa ananiambia nioge vizuri.

Kisu changu cha kabla ya hiki nilinunua Ngamiani elfu nane, cha kukunja, chuma kitupu kuanzia kichwa mpaka mkia, kinang'aa kama kioo na kina klipu ya kukibana mfukoni. Nilikipenda sana aisee. Wiki ya pili kiganja kikaanza kuwasha, nikasema labda ni zile gundi tunazotumia, halafu pajani nako kukatoka alama, na ukiiangalia vizuri ilikuwa na urefu na upana wa klipu, yaani kama mtu kanipiga muhuri. Lakini wakati huo sikuunganisha hayo mambo mawili, nikaenda famasi nikapewa dawa ya fangasi nikapaka miezi miwili. Unajua kinachodanganya ni kwamba hii aleji haitokei papo hapo, unagusa kitu leo muwasho unakuja kesho au keshokutwa, sasa utamkamata vipi mwizi aliyeiba juzi.

Mwishowe daktari wa ngozi akanibandika vile vipande vya kupima mgongoni, unakaa navyo siku mbili mgongo usiguse maji. Kwa joto la Tanga la mwezi wa pili. Vikabanduliwa, nikarudi tena siku mbili mbele kusomwa, palipokuwa na nikeli pamevimba pamekuwa pekundu, kwingine kote shwari.

Nikarudi kwa yule muuza visu nikamwambia kaka hiki kisu kinanidhuru. Akakigeuza akanionyesha maandishi kwenye ubapa, "Soma hapa fundi, stenlesi hiyo, haishiki kutu." Nikamwambia kaka, kisu hakina kutu, ninayeota kutu ni mimi. Akacheka, hela hakurudisha.

Na hapo ndo nilipoanza kuelewa kitu ambacho wengi hatukijui. Neno stenlesi kwenye kisu linausemea ubapa tu, na ubapa mara nyingi hauna kosa. Chuma cha kutengenezea makali lazima kiwe kigumu, kwa hiyo visu vingi vya kawaida wanatumia vyuma kama 420 au 12C27 ambavyo vina kromu asilimia 13 hivi na nikeli kidogo sana au hamna kabisa. Stenlesi yenye nikeli ya kutosha, asilimia 8 kwenda juu, ni ile 304 ya masinki na masufuria, na hata hiyo nikeli yake imeshikwa ndani haitoki kirahisi. Kinachotumaliza sisi ni ule mng'aro wa juu, chuma cha ovyo kimechovywa nikeli ili kipendeze, au kimechovywa kromu lakini chini ya kromu kuna nikeli, halafu jasho la chumvi linaila kidogo kidogo kila siku. Na ubapa wenyewe unaushika saa ngapi? Unachoshika ni mpini. Kinacholala pajani kutwa nzima ni klipu.

Niliagiza mtandaoni vichupa vya kupimia, unadondosha matone kwenye pamba ya masikio, unasugua chuma kama nusu dakika, pamba ikigeuka rangi ya waridi ujue nikeli inatoka. Kile kisu cha Ngamiani ubapa wake pamba ilibaki nyeupe pe! Mpini, waridi. Klipu ndo usiseme, ilikolea kama juisi ya rosela. Nikachizika nikapima nyumba nzima, funguo za pikipiki waridi, kifungo cha jinzi waridi, mke wangu akaficha hereni zake. Sumaku msihangaike nayo, chuma kilichochovywa nikeli kinanasa vilevile kama ambacho hakijachovywa, haikwambii kitu.

Kabla ya kukitupa nilijaribu ujanja. Nilikipaka rangi ya kucha ile ya maji isiyo na rangi, ikakaa wiki ikabanduka pale pale ninapopashika zaidi. Nikakizungushia tepu nyeusi ya umeme, jua likayeyusha gundi, vidole vyeusi, kisu kinanata mfukoni. Nikampa shemeji, yeye anacho mpaka leo na hajawahi kujikuna.

Sasa hiki Opinel. Ni kisu cha Wafaransa, kimeanza kutengenezwa huko Savoie mwaka 1890, na ukikiona mara ya kwanza utasema mbona kama cha babu. Mpini ni mti mtupu, namba 8 ubapa wake ni sentimita nane na nusu, na shingoni kuna kipete cha chuma unachokizungusha ili ubapa usikufungie vidole, hicho kipete kimeongezwa mwaka 1955. Hakina klipu wala mabati ya pembeni. Ndugu yangu anayefanya kazi Ufaransa alinunua euro kumi na kitu, akakiweka kwenye begi la kuingiza chini ya ndege, sio la mkononi, msije mkanyang'anywa uwanjani.

Miezi saba sasa kiganja kimetulia. Kipete ni chuma ndiyo, ila nakigusa kwa kidole gumba sekunde mbili nafungua nakiachia, kidole hakijalalamika. Makali yake ni hatari, ubapa ni mwembamba, kwenye chungwa unakwenda kama hamna kitu na ganda linatoka utepe mmoja. Kuchuna waya ni sawa tu ila usije ukapindulia nacho kitu kama bisibisi, ncha itakatika, hiki sio kisu cha ubabe.

Ubaya wake upo na kwa sisi wa pwani ni mkubwa. Mti unavimba. Masika hii kulikuwa na siku nne kisu hakifunguki, niko juu ya bati nahangaika na kucha mpaka kijana wangu wa kazi akanihurumia akanipa chake. Baadaye nikajifunza kukigonga kitako mezani, ubapa unachomoza kidogo unaukamata. Nilikianika, siku nyingine nikapaka mafuta ya kupikia kwenye ule mfereji, afadhali. Lakini mtu akikuoshea hicho kisu kwa kukiloweka kwenye beseni na sahani, umekwisha.

Pia angalieni, vipo vya aina mbili. Cha stenlesi kimeandikwa inox, na kuna cha chuma cha kawaida kimeandikwa carbone, hicho nacho kwa aleji hakina neno ila ukikata limao au embe bichi kinageuka cheusi na kwa chumvi ya hewa ya hapa kutu ni kesho yake. Chukua inox.

Jamaa yangu ana Victorinox nyekundu, ya Waswisi, nilimwazima siku tatu. Pande zote mbili za mpini ni plastiki kwa hiyo kiganja kiko salama, mgongoni tu ndo chuma kiko wazi, na mvua haiivimbishi. Kwa kweli kama huna kazi ya kukata kata kila saa labda hiyo ndo inakufaa zaidi, ila mi mikono mikubwa na ule mpini ulikuwa unanipotelea, na vile vidude vyake kumi kidole kinatafuta kisu kinakutana na kifungulia kopo. Ile pete ndogo ya kuning'inizia ufunguo itoe uipime kando.

Kuna visu vya kizamani vizuri vya mpini wa pembe au mti, miishoni vina vipande vyeupe vinavyometa wanaita fedha ya nikeli. Fedha humo hamna hata chembe, ni shaba, zinki na nikeli. Usishawishike na jina. Na kama daktari alikwambia kobalti, metali nyingine, nayo inakusumbua, maana aleji ya nikeli na ya kobalti hupenda kwenda pamoja, uliza aina ya chuma cha ubapa, VG-10 kwa mfano ina kobalti kama asilimia moja na nusu, ingawa bado nasema mpini kwanza.

Nyota nne, moja nimekata kwa zile siku nne za masika. Alama ya pajani imebaki kivuli tu. Kinachoniwasha sasa hivi ni funguo za pikipiki, nazo nimezivika kipande cha mpira wa tyubu.