Kabla hujanunua soketi ya sensa ya oksijeni, angalia mpasuo

Nilisikia "ka!" nikafurahi. Nilikuwa chini ya gari, bomba nimelichomeka kwenye mpini wa racheti nipate nguvu, na sensa ya oksijeni, ile iliyofungwa kwenye ekzosi kupima oksijeni ya moshi, iliyonigomea tangu asubuhi nikajua imeachia. Wapi! Soketi ndiyo iliyopanuka mdomo. Ule mpasuo wa kupitishia waya, siku nainunua soketi ulitosha waya tu. Sasa ulimeza kidole gumba. Na sensa? Pembe zote sita zimelika, imekuwa duara kama sarafu.

Kwa hiyo usitarajie nikueleze seti ina vipande vingapi au sanduku lake zuri kiasi gani. Saizi yenyewe karibu kila gari ni milimita 22. Cha kuuliza ni kimoja: soketi itapanuka mdomo au haipanuki? Soketi ya kawaida ni pete iliyofungika. Ukiipasua ubavuni ipitishe waya, umebakiwa na herufi C, na C ukiizungusha kwa nguvu inaachama. Kuta zikiwa nyembamba inaachama mapema. Ikiwa ndefu na mpasuo unapanda hadi juu, inajipinda pia. Basi kabla ya kutoa hela, ishike, tazama unene wa chuma pale pale kwenye kingo za mpasuo.

Namba moja kwangu wala si soketi ya sensa. Ni ring spana ya 22 ya pembe sita, au soketi ndefu ya kawaida isiyo na mpasuo. Kata waya, ivishe, vuta. Sensa imeshakufa, unaitoa uitupe. Waya wake unautunzia nani?

Namba mbili ni ya anayetaka kuirudisha sensa ileile, labda anabadilisha bomba la ekzosi tu. Hapo huwezi kukata waya, na hapo mimi ni mtu wa soketi za kampuni ya Hazet, sifichi. Hawanilipi. Yangu imenyanyaswa na mdomo wake bado umekaa kama siku ya kwanza. Lisle wanafuata. Kama sensa imejificha mahali pa finyu, chukua ile fupi ambayo racheti inaingia ubavuni, ila ujue nguvu inakaa upande mmoja, na ikiteleza ni vidole vyako.

Seti za bei ya kutupwa: zinafaa kwa sensa ambayo ingetoka hata kwa spana ya kuazima.

Wauzaji nao! Picha zote soketi imegeuzwa, mpasuo huuoni. Kila kitu kimeandikwa kromu vanadiamu, yaani chuma kigumu cha vifaa, hata kile kinachopinda. Niliporudisha yangu nikaambiwa nimetumia nguvu nyingi. Sasa kitu kilichoganda kwa kutu nikitoe kwa nini, kwa dua?

Mafuta ya kulegeza kutu weka kwenye hesabu yako, tena yale ya kupenya hasa. Puliza ekzosi ikiwa baridi, maana ya moto yanaweza kuwaka, kisha yaache yalale usiku kucha. Asubuhi puliza tena. Ikianza kulegea usiivute moja kwa moja: robo mzunguko nje, rudisha kidogo, puliza, endelea.

Na usiondoke dukani bila tapu, kile kifaa cha kuchonga na kusafisha nyuzi za skrubu, ya M18x1.5, ndiyo nyuzi za sensa nyingi. Sensa iliyoganda mara nyingi haitoki peke yake, hutoka na nyuzi za ekzosi. Yangu ilikuja kutolewa na fundi kwa spana ya bomba, na kwenye uzi wake kulikuwa na vipande vya chuma vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Tapu ikasafisha tundu, nikafunga sensa mpya ya Denso, grisi ya kuzuia kuganda ikiwa imeshapakwa kiwandani. Kama yako imekuja kavu, paka kidogo kwenye uzi tu, isiguse ncha.